Mlima wa Kabichi

Ignas Mloka aliwaambia watu kumi na wanne kwamba Krismasi ikipita atawapeleka wanawe Dar es Salaam kucheza kwenye maji. Alimwambia balozi wa nyumba kumi, akamwambia katekista, mwenye nyumba, fundi baiskeli, na hata muuza mkaa ambaye wala hakuwa ameuliza. Mtu wa kumi na tano, ambaye kwa haki alitakiwa kuwa wa kwanza, hakumwambia. Huyo alikuwa Yohana, kaka mkubwa wa mkewe, mkulima wa kabichi huko juu Mgeta.

Kwa Waluguru jambo hilo si dogo. Baba anazaa, analisha, ananunua madaftari na kufoka pale inapobidi. Lakini watoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Binti akiposwa, mjomba aambiwe. Mtoto akiugua hata akalazwa, mjomba aambiwe. Akienda safari ya kuvuka mito, mjomba aambiwe, tena kwa mdomo wa baba mwenyewe, aliyepanda mlima kwa miguu yake. Ignas aliyajua hayo kabla hajaota ndevu. Mtu asije akadhani alisahau.

Safari yenyewe ilizaliwa kwa jirani yao, Mwamvita, mwenye televisheni pekee pale mtaani Chamwino, Morogoro mjini. Watoto waliotaka kutazama walivua viatu mlangoni na kukaa sakafuni, mbali na zulia. Siku hiyo likaonyeshwa tangazo la bustani mpya ya michezo huko Dar: bomba kubwa la buluu limejikunja kama utumbo wa mbuzi, watoto wanaingia juu, wanateleza na maji, wanatokea chini wakipiga yowe na kutumbukia, chubwi! Tumaini, mtoto wa Ignas wa miaka tisa, alisimama bila kujijua akakanyaga zulia.

"We Tumaini, toa miguu yako hapo!" Mwamvita akafoka. "Hayo tazama kwa macho tu, mwanangu. Kule hakuendi mtoto wa fundi viatu."

Tumaini aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani bila kuyamwaga hata tone. Ignas alikuwa barazani anashona kandambili ya mtu. Zamani alikuwa fundi mitambo kiwandani, ana ovaroli na kitambulisho. Kisha kiwanda kikauzwa. Mwenye kukinunua akapeleka mashine asikokujua mtu, akabakiza uzio na mlinzi. Soko huria, wakaambiwa. Kila mmoja yuko huru. Ignas akawa huru kukaa barazani.

Alikata uzi kwa meno. "Tutakwenda," akasema.

"Akina nani?" akauliza mkewe, Editha, kutoka jikoni.

"Sisi. Wote wanne."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu Mwamvita kasema hatuendi."

Editha alitaka kucheka, akaona mumewe hachezi. Jioni ile ile alishusha kisanduku cha mbao chenye tundu juu, kibubu walichokuwa wanawekea pesa za vitumbua, akakitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai. Kikalia kidogo sana. Akakirudisha rafuni, ila kuanzia kesho yake vitumbua vyake vikapungua unene.

* * *

Kwa miezi kumi mipango ikapikwa kuliko ugali. Zawadi, dada yake Tumaini, wa miaka kumi na mitatu, alichora ramani kwenye ganda la daftari: Morogoro, Mikese, Chalinze, Ruvu, Kibaha, Dar. Kila jioni waliipitia, na kila jioni Tumaini aliuliza choo kiko wapi.

Katekista aliwaonya kwamba kwenye maji yale hawaingii na kaptula ya shule wala khanga; ni lazima nguo za kuogelea. Ignas akazisaka kwenye mitumba. Kwenye belo moja akaipata kaptula ya njano, ya mpira kiunoni, iliyomtosha Tumaini baada ya kupigwa fundo. Kwenye belo jingine akapata vazi la Zawadi, jeusi, na jingine la mama mtu mzima. Editha alilishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akatafuta sehemu iliyobaki.

"Ignas, hii ni nguo au ni kipande cha nguo?"

"Ndivyo wanavyovaa."

"Na aliyeivaa kabla yangu, alirudi kwao hivihivi?"

Akalikunja, likaenda chini ya magodoro, na huko liko mpaka leo. Yeye angekaa ukingoni, akishika viatu vya watu.

Usafiri ulikuwa wa Nassoro, jirani yao wa nyumba ya nyuma, Mnyamwezi wa Tabora mwenye lori dogo. Kila wiki alipanda Mgeta kupakia kabichi, akashuka nazo kwa njia ya Mzumbe, akalala nyumbani, na alfajiri akazipeleka Kariakoo. Kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, Nassoro alikuwa na ruhusa ya kusema lolote, naye aliitumia yote.

"Nitawabeba bure," alimwambia Ignas. "Mama na mtoto mmoja mbele, wengine juu ya kabichi. Ila Mluguru akiiona bahari asiniulize shamba hili la nani limefurika."

Jambo likabaki moja.

"Umemwambia kaka?" Editha aliuliza mwezi wa tano.

"Nitapanda Jumamosi."

Jumamosi ikanyesha. Iliyofuata, Ignas aliumwa kisigino. Ile nyingine kulikuwa na mazishi, ya mtu ambaye hata jina lake hakulijua vizuri. Editha angeweza kwenda mwenyewe, lakini taarifa ya watoto ikiletwa na mama, kaka mtu anajiuliza baba amekufa lini. Akabaki kuhesabu Jumamosi.

Ukweli Ignas aliujua na hakumwambia yeyote. Tangu kiwanda kifungwe, maharage yaliyochemka jikoni kwake yalikuwa ya Yohana. Kila mwisho wa mwezi Nassoro alishusha debe, mara na karoti, mara na viazi, na maneno yale yale: "Mjomba anasema, wapwa zangu wale wakue." Ignas aliyapokea kwa mikono miwili, akala ugali wa shikamoo. Sasa mtu apande mlima, akae mbele ya anayemlisha, amwambie nini? Kwamba anayo pesa ya kwenda kuteleza kwenye bomba?

Akaona afadhali waende, warudi, wakaushe nguo, na mlima usijue. Alisahau jambo moja tu: kwamba lori walilokuwa wanalitegemea lilikuwa linapakia kabichi za Yohana.

* * *

Alfajiri ya siku ya safari, watoto walikuwa wamevaa tangu jogoo wa kwanza. Tumaini alivaa kaptula ya njano juu ya suruali, ili isisahaulike. Kikapu kilijaa vitumbua, mahindi ya kuchemsha na ndizi. Ignas alitinga suruali ya mitumba iliyonyooshwa mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate.

Lori likaja likizunguka kona, likasimama. Nassoro alishuka akiwa hacheki, na Nassoro asipocheka kuna msiba.

"Ignas," alisema, "nimekuletea kabichi mia sita na mwanamume mmoja mwenye hasira. Kabichi ni za Kariakoo. Mwanamume ni wako."

Wote wakainua macho. Juu kabisa ya shehena, juu ya majani ya migomba yaliyofungwa kamba, alikaa Yohana. Alivaa koti zito na kofia ya sufu, fimbo imelala magotini, ametazama mbele kama askofu kwenye kiti chake.

"Ulimwambia?" Ignas akanong'ona.

"Mimi ningejua hajui? Mtu umetangaza mwaka mzima kama mgambo wa soko! Jana napakia, nikamwambia, mzee, kesho wapwa zako wanaiona bahari. Akaweka chini kabichi aliyoishika. Akaniuliza, wapwa zangu wepi? Akaenda kuvaa koti, akapanda, na usiku kucha kalala huko huko juu."

Editha alitoka na kikombe cha chai, akapiga goti pembeni ya gurudumu. "Shikamoo kaka. Shuka unywe chai."

"Marahaba, dada yangu. Sijafika kwa mtu, nitanyweaje chai yake? Mimi niko Mgeta."

"Kaka, hapa ni Chamwino."

"Nimekalia kabichi zangu. Zilipo kabichi zangu ndiyo Mgeta. Mwenye neno la kuniambia kuhusu watoto wa ukoo wetu, njia ya Mgeta anaijua. Asipoijua, watoto hawaendi."

Ignas alisogea, akakohoa. "Shikamoo shemeji. Shuka basi tuongee ndani, kikubwa."

Yohana akaweka mkono sikioni. "Kuna mtu anaongea? Naona kama sauti inatoka mjini. Huku mlimani haifiki vizuri."

Milango ikaanza kufunguka. Mwamvita alitoka na mswaki mdomoni, akasimama mahali pazuri pa kuonea. Balozi naye akaja, kazi yake ni kujua. Wale kumi na wanne walioambiwa, nusu yao walikuwepo, na sasa kila mmoja alikuwa akijua kwamba aliambiwa kabla ya mjomba. Hakuna aliyejisikia vibaya; walijipanga tu vizuri zaidi.

"Kwani lazima bahari?" Mwamvita alisema, povu likimtoka. "Maporomoko si yapo hapo juu? Maji ni maji."

Tumaini alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yaliteremka tu na kudondokea kaptula ya njano.

Nassoro alitazama saa. "Jamani, kabichi hazijui mila. Zikichelewa Kariakoo bei inalala, na mimi nalala nayo. Natoa dakika kumi. Baada ya hapo naondoka na aliye juu, hata akiwa askofu."

Ignas alisimama. Angeweza kuingia ndani akafunga mlango, alishafikiria hivyo. Mstari wa suruali yake ulikuwa bado umenyooka. Zawadi akamsogelea, akamshika kiwiko.

"Baba," alisema taratibu, "panda tu."

* * *

Alipanda. Mguu kwenye gurudumu, mguu kwenye ubao, kisha kwenye majani ya migomba yenye umande. Kabichi moja ikaponyoka, ikadunda mbele ya Mwamvita.

"Hiyo umenunua!" Nassoro akapiga kelele. "Twende, Mluguru! Watu wenu si wanazaliwa wakipanda? Au mjini umeota magurudumu?"

Watu wakacheka. Suruali ikatoa sauti mahali fulani, kraa. Ignas akaendelea kwa magoti, akafika juu akihema, akakuta shemeji yake anamtazama kama mtu anayemwona mgeni akija kwa mbali. Akakumbuka adabu. Akagonga kabichi mara tatu.

"Hodi."

"Hodi ya nani?"

"Ya Ignas. Baba Zawadi."

"Karibu. Umetoka mbali?"

"Nimetoka mjini, shemeji."

"Njiani salama?"

"Salama. Ila kuna utelezi."

Chini wakaangua kicheko. Yohana hakucheka. Alimsogezea kabichi ya kukalia.

"Haya. Lete habari."

"Nimekuja kukuambia kwamba nawapeleka watoto Dar, wakacheze kwenye maji."

"Lini?"

"Leo."

"Umewahi kuja," alisema Yohana. "Ignas, sikukulea, lakini nilikupa dada yangu. Watu wote hawa waliambiwa. Hata muuza mkaa! Nassoro kanitajia mmoja mmoja. Mimi umeniruka kama dimbwi. Kwa nini?"

Ignas alisema kitu chini chini.

"Paza sauti. Huku juu kuna upepo."

Upepo haukuwepo. Ignas akatazama chini, akawaona watoto wake, akaona mdomo wa Mwamvita uko wazi na mswaki ndani. Akaona kwamba aibu ameshaipanda yote, iliyobaki ni kuikalia.

"Niliona aibu!" alisema, safari hii kwa sauti ya kiwandani, ya kushindana na mashine. "Tangu kiwanda kifungwe tunakula maharage yako. Nikajiambia nikienda kumwambia nina pesa ya kuchezea, atasema kumbe anazo, basi anunue maharage mwenyewe. Au asiseme, anitazame tu. Nikaogopa zaidi hapo."

Editha alivuta khanga akaziba mdomo. Balozi akatazama viatu vyake, ambavyo Ignas alikuwa ameviwekea soli mpya na hajalipwa.

Yohana alivua kofia, akajikuna.

"Yale maharage," alisema, "nilikuwa nawaletea wapwa zangu. Wewe ulikuwa unawasaidia kula tu."

Kwanza alicheka Nassoro. Kisha wote. Mwisho Ignas mwenyewe, kicheko kilichomtikisa mpaka kabichi zikaanza kusogea, akalazimika kumshika shemeji yake bega wasidondoke wote wawili.

"Na tukianza kuoneana aibu," Yohana aliendelea akiwa bado ameshikwa bega, "mimi nianzie wapi? Mwaka juzi, mvua kubwa ile ilipozoa matuta yangu yote na mbegu, nani aliuza baiskeli akaniletea mbegu?"

Chini, Editha aliinua kichwa. "Baiskeli ipi?"

Ignas akaacha kucheka.

"Si ile uliyosema imeibiwa sokoni?" Editha alishika kiuno. "Mimi nikaenda polisi! Nikamwombea mwizi mabaya siku tisa!"

"Ndiyo maana mgongo haukuniacha mwezi mzima," Ignas alisema.

"Mnaona mtu huyu?" Yohana aliwauliza watu wote. "Akifanya baya, anamficha anayepaswa kujua. Akifanya zuri, vilevile. Haya. Habari yako nimeipokea. Watoto wanakwenda. Na mimi nakwenda."

Ignas akamwinamia sikioni. "Shemeji, kiingilio tulicho nacho ni cha watu wanne."

"Kwani nimekalia nini?"

* * *

Basi wakaenda: Editha na Tumaini mbele kwa Nassoro, Ignas, Zawadi na mjomba juu. Zawadi alishika ramani yake, akawa anatangaza kila mahali kabla hapajafika. Kwenye daraja la Ruvu Yohana aliomba lori lipunguze mwendo. Akatazama maji ya hudhurungi yakipita chini.

"Haya yanatoka kwetu," alisema. "Yanapita shambani kwangu, yanakuja huku, Dar wanayanywa."

"Na yale ya kwenye bomba, mjomba?"

"Ni hayo hayo. Wameyachukua bure, sasa wanatutoza kuyaingia." Akatikisa kichwa. "Hilo ndilo soko huria, mpwa wangu. Shika ramani isipeperuke."

Kariakoo kabichi zikauzwa, bei ikiwa haijalala, imesinzia tu. Nassoro akawapeleka mpaka getini, akaahidi kuwapitia jioni. Mlinzi akachungulia kikapu.

"Chakula cha nje hakiruhusiwi. Ndani kuna mgahawa."

Editha aliangalia bei zilizobandikwa ukutani, kisha akaangalia vitumbua vyake. Hakubishana. Akatandika khanga kando ya ukuta, nje, palipokuwa na kivuli, na familia nzima ikaketi ikala kila kitu mpaka magunzi, huku magari yenye vioo vyeusi yakiingia yakiwapita. Mama mmoja ndani ya gari alipandisha kioo. Yohana akamnyooshea hindi, karibu mama. Kioo kikafika juu. Mlinzi alipewa vitumbua vinne. Baada ya cha pili akawaonyesha bomba la kunawia mikono.

Dirishani alikaa msichana, amebandikwa jina kifuani, Josephina. Alipokea pesa, zikiwemo noti zilizonuka kabichi, akasogeza daftari.

"Watoto hawaingii kwenye maji bila mkubwa wa kuwajibika," alisema. "Mwenye watoto ni nani? Aweke sahihi hapa."

Lilikuwa swali la kawaida. Alishawauliza watu mia asubuhi ile. Hakuelewa kwa nini wageni hawa walitazamana. Ignas alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kalamu. Akaurudisha. Akasogea pembeni, akainamisha kichwa.

"Shemeji," alisema.

Yohana aliitazama kalamu. Aliwatazama watoto, kaptula ya njano na vazi jeusi, kisha akamtazama Ignas, na suruali yake iliyopasuka goti kwa kupanda Mgeta alfajiri ile.

"Mwenye watoto ni huyu," alimwambia msichana. "Mimi nimeleta kabichi."

Ignas akaandika jina lake. Liliandikwa vibaya, kwa herufi kubwa, na lilichukua mistari miwili.

Bomba lilikuwa la buluu kweli, na lilijikunja kama utumbo wa mbuzi. Tumaini aliliingia mara kumi na tisa. Zawadi alizihesabu, na zake alikataa kuzisema. Editha alikaa ukingoni, miguu ndani ya maji mpaka vifundoni, akishika viatu vya watu wanne, na kila mtoto alipotokea chini akipiga yowe alisema kimya kimya, asante Mungu, na asante kwa Mwamvita pia, na zulia lake.

* * *

Jumamosi ya kwanza ya mwaka mpya haikunyesha, wala kisigino hakikuuma. Ignas aliondoka mapema, akapanda Mgeta, akafika kwa Yohana saa sita akihema. Akagonga mlango, wa mbao safari hii.

"Hodi."

"Karibu. Umetoka mbali?"

"Nimetoka mjini, shemeji. Nimekuja kukuambia kwamba tulikwenda Dar, na tumerudi salama. Watoto hawajambo."

Yohana alikuwa amekwenda nao na kurudi nao kwenye lori lile lile, tena njiani Tumaini alimlalia mapajani mpaka Mikese. Akamsikiliza mpaka mwisho. Akavuta kigoda, akamwita mkewe alete maharage, akaegemea ukuta vizuri kama mtu asiyejua lolote.

"Haya," alisema. "Sasa nieleze, hilo bomba lilikuwaje?"